Mwimbaji Anasogea Kulia

Yokote, 4 Oktoba 1981

Kwa Bwana Nezu,

Mzigo wako ulifika salama, hata kona za plaiwudi hazikubonyea. Hapa kwetu mpunga umeshavunwa, asubuhi mtu anaiona pumzi yake, na mimi na mke wangu tu wazima. Sasa niseme kilichoniketisha kuandika.

Makasha yako mawili ya spika nimeyaunganisha kwa Jumapili nne. Gundi nilipaka kama kitabu chako cha maelezo kilivyoelekeza. Jiliwa ninalo moja tu, kwa hiyo nilikandamiza mbao kwa mawe ambayo mke wangu, Setsu, hukandamizia figili za chumvi. Ilikuwa wiki ileile aliyotaka kuzitia figili kwenye pipa. Aliniambia, "Isao, majira ya baridi tutakula plaiwudi?" Nilimwambia avumilie siku mbili. Akavumilia tano.

Waya nililehemu mwenyewe, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara tatu. Ni makasha mazuri. Kisha nikaweka santuri ya nyimbo za huku kwetu, sauti moja na kinanda cha nyuzi tatu, nikakaa katikati. Kitabu chako kinasema mwimbaji atasikika kana kwamba amesimama kati ya makasha mawili. Wangu amesimama kulia. Ameling'ang'ania kasha la kulia kama mtu anayengoja basi. La kushoto linatoa sauti, ila ni kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Setsu anasema yeye haoni tofauti, lakini yeye husikiliza huku anaosha vyombo.

Usidhani nabahatisha. Kusikia ndiyo kazi yangu. Niko kwenye genge la reli. Wenzangu sita huinama kushindilia kokoto chini ya mataruma, zile mbao zinazobeba reli, na kelele za kazi haziwaruhusu kusikia kitu. Mimi husimama pembeni na kipenga na bendera, nasikiliza treni. Mwaka wa kumi na moja huu. Wananiita Masikio. Kwa hiyo nikikuambia kasha la kushoto lina kasoro, niamini.

Wako,
Kuwabara Isao


Kanda, Tokyo, 8 Oktoba 1981

Ndugu Kuwabara,

Kwanza, mfikishie mama pole zangu kwa figili zake. Nitaongeza mstari kwenye kitabu: mawe ya jikoni yaombwe mapema.

Kasha likiwa dhaifu upande mmoja, mara nyingi linavuja hewa. Washa kijiti cha udi, weka santuri yenye ngoma nzito, upitishe moshi taratibu kwenye maungio yote. Moshi ukiyumba, hapo pana ufa, jaza gundi. Kisha angalia waya mwekundu na mweusi. Usikasirike nikikuuliza, kuna profesa mmoja wa chuo kikuu alinigombeza miezi miwili kabla hajagundua ameibadilisha.

Ili tusipoteze muda, nimeweka spika nyingine kwenye kifurushi hiki. Ifunge kushoto. Ya zamani nirudishie niipime. Hakuna malipo.

Nezu M.


Yokote, 15 Oktoba 1981

Bwana Nezu,

Moshi ulipanda umenyooka kama uzi, pande zote nne za kasha. Waya ziko sawa. Spika mpya nimeifunga, na mwimbaji bado yuko kulia. Ya zamani hii hapa, nimeifunga kwa shuka la zamani isigongwe njiani. Setsu alilitafuta shuka hilo siku mbili, sikumwambia.

Sitaki kuonekana mtu wa kulalamika. Nilitamani kitu hiki tangu nilipokuwa kijana wa ishirini na nne, pale nilipoingia kwenye duka la chai la mjini Akita na kusikia spika za aina hii zilizoundwa na mwenye duka kwa mikono yake. Chai ilipoa. Leo nina hamsini na moja. Ndiyo maana naona uchungu kidogo.

Kuwabara Isao


Kanda, 19 Oktoba 1981

Ndugu Kuwabara,

Spika yako ya zamani nimeipima kwa mashine, kisha kwa masikio yangu, kisha nikamwita jirani anayeuza redio aisikilize bila kujua ni ipi. Ni nzima kabisa. Ni nzuri kuliko nyingi nilizonazo kwenye rafu.

Basi tufanye hivi, hatua kwa hatua.

Badilisha makasha. La kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto. Ukae palepale. Kama kasoro ni ya kasha, udhaifu utahama nalo.

Usipohama, badilisha waya kwenye amplifaya.

Ukiona hata hapo hakuna kilichohama, geuza kiti. Yape makasha mgongo, usikilize hivyo hivyo, umekaa katikati. Niandikie mwimbaji amesimama upande gani. Andika ulichosikia, si ulichotarajia kusikia.

Nezu M.


Yokote, 27 Oktoba 1981

Bwana Nezu,

Nimebadilisha makasha. Udhaifu ulihama na kasha. Kwa hiyo hatua zile nyingine hazikuhitajika.

Spika ya pili nayo ni mbovu, nimekurudishia. Naomba nyingine.

Kuwabara


Kanda, 2 Novemba 1981

Ndugu Kuwabara,

Barua yako ya mwisho ina mistari minne. Zile za kwanza zilikuwa na figili, shuka, na chai iliyopoa. Mtu haishiwi maneno ghafla hivyo bila sababu.

Spika zote mbili ulizonirudishia nimezifunga kwenye makasha ya hapa dukani. Mwimbaji amesimama katikati, hatetereki. Hakuna spika mbovu, na moja nakurudishia kwenye kifurushi hiki. Na wewe si mtu wa kukosea jambo jepesi kama kuhamisha makasha. Nadhani uliyahamisha, na mwimbaji akabaki kulia. Nadhani ulihamisha na waya. Kisha ukageuza kiti, ukayapa makasha mgongo, na mwimbaji akabaki upande uleule wa mwili wako, wa kulia. Ukaelewa kabla yangu.

Sikio lako la kushoto ndilo lenye kasoro, Ndugu Kuwabara.

Kama ungekuwa muuza vitambaa ningekuandikia taratibu zaidi. Lakini kuna watu sita wanaoinama kwa sababu wewe umesimama. Mwambie msimamizi wako kabla theluji haijaanza, maana nasikia theluji humeza hata mlio wa treni.

(karatasi ya pili)

Na mkeo mwambie. Najua unaogopa, najua unaona utamvunja moyo baada ya miaka yote hii. Lakini jambo hili haliwezi kubaki kati yangu na wewe. Mimi mwenyewe sipati raha tangu nilipolitambua. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ukishindwa kumwambia, nitamwandikia mwenyewe.

Na acha kuniita Bwana. Sijawahi kuwa.

Mitsue


Kanda, 20 Novemba 1981

Ndugu Kuwabara,

Sijapata jibu. Redio imesema theluji imeanza kwenu juzi. Niandikie hata neno moja tu, niambie umemwambia.

Mitsue


Yokote, 25 Novemba 1981

Wewe Mitsue,

Mimi ni Kuwabara Setsu, mke wa Isao. Sikusalimii.

Juzi mume wangu aliweka santuri kwenye yale makasha yake, na lile la kushoto likawa linachakarika kama panya ndani ya gunia la pumba. Nikamwambia, "Kasha lako linachakarika." Akasema, "Liko sawa." Nikamwambia tena. Akanitazama kama mimi ndiye mwenye kichaa. Jana alipokwenda kazini nikatia mkono kwenye tundu la mbele la kasha hilo. Nikatoa karatasi mbili. Moja fupi ya tarehe ishirini. Nyingine ni ukurasa wa pili wa barua ambayo mwanzo wake sikuuona.

Nimeusoma ukurasa huo mara nane. "Jambo hili haliwezi kubaki kati yangu na wewe." "Sipati raha." "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi." Unampa nani mpaka mwisho wa mwezi, wewe mwanamke? Mume wa mtu hupewa tarehe kama mchele wa mkopo?

Sasa nayaelewa mengi. Tangu kiangazi nikimwita kutoka jikoni haitikii, mawazo yake yako kwingine. Televisheni anaifungulia mpaka majirani wanaijua habari kabla yetu. Mwezi wa kumi nilimkuta amekaa katikati ya chumba ameyapa makasha mgongo, santuri inaimba, na machozi yanamtoka. Nikarudi jikoni kimyakimya, nikadhani anamkumbuka mama yake. Na kwa wiki mbili sasa anarudi kutoka kazini na buti safi. Miaka ishirini na sita nimemfulia matope ya reli. Mtu wa genge la reli anapata wapi buti safi, theluji hii?

Sina haja ya kugombana. Nina miaka arobaini na tisa, nimezaa watoto wawili, wote wako kwao. Kama unamtaka, mchukue na makasha yake. Lakini uniambie wewe mwenyewe, kwa maandishi, maana yeye hasemi.

Kuwabara Setsu


Kanda, 28 Novemba 1981

Mama Kuwabara,

Barua yako nimeisomea dukani nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kiti.

Nina miaka sitini na tatu. Nina meno yangu saba. Mumeo sijawahi kumwona hata kwa picha, na mpaka juzi alikuwa akiniita Bwana Nezu. Mimi ndiye niliyemuuzia zile mbao na spika. Naomba unisamehe kwa jinsi nilivyouandika ukurasa ule. Nimeusoma upya kwa macho yako, nikaona kwamba mimi mwenyewe ningelipiga marufuku jina langu katika nyumba hiyo.

Sasa nitakuambia yaliyo kwenye ukurasa wa kwanza. Nilimwahidi mpaka mwisho wa mwezi, zimebaki siku mbili, lakini siwezi kukuacha hivi hata kwa siku hizo mbili.

Mumeo hasikii vizuri kwa sikio la kushoto. Alidhani kasha lake ndilo bovu. Nikamtumia spika, nikamtumia nyingine, kisha nikampa vipimo, na kipimo cha mwisho ni kukaa ameyapa makasha mgongo. Uliyomwona akifanya siku ile ndiyo hayo. Aliyekuwa akilia ni mtu aliyekuwa amegundua. Hakunijibu ukweli, ila wewe umenijibu bila kujua. Alificha barua yangu kwenye kasha la kushoto, likachakarika, nawe ukasikia kutoka mbali, yeye hakusikia.

Ninachoogopa ni kazi yake. Nilimwomba amwambie msimamizi. Sijui kama alimwambia. Kuhusu buti safi, mimi sizielewi, na kusema kweli ndizo zinazonipa tumaini. Muulize leo. Muulize ukiwa upande wake wa kulia.

Kisha uniandikie, tafadhali, hata kama bado una hasira.

Nezu Mitsue


Yokote, 3 Desemba 1981

Dada Mitsue,

Naomba radhi kwanza. Lile neno la mchele wa mkopo limenisumbua tangu barua yako ilipofika. Meno saba yalinichekesha, kisha nikaendelea kusoma nikaacha kucheka.

Nilingoja arudi. Akavua buti mlangoni. Nikazichukua, nikazigeuza soli juu mbele yake, nikaja upande wa kulia kama ulivyosema.

"Isao, hizi buti zinashinda wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

Akazitazama zile soli. Kisha akasema, "Stoo."

"Stoo gani?"

"Ya vifaa. Napanga skrubu, nanoa majembe. Tangu tarehe tisa."

Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kusema mgongo unauma. Nikaiweka barua yako mezani. Hakuisoma, aliutazama mwandiko tu, mabega yakamshuka kama mtu aliyetua mzigo.

Nikamwambia, "Yaani ulikwenda kumwambia Bwana Sasamori, msimamizi wako, mimi ukaniacha?"

"Sasamori nilimwambia kwa sababu ilikuwa lazima. Wewe nilitaka nikuambie vizuri."

"Ukaona vizuri ni kunificha wiki tatu?"

"Kila siku nilisema leo. Ukiniletea supu, nasema nikimaliza supu."

Hapo nikamwambia niliyodhani. Kwamba nilidhani ana mwanamke Tokyo. Dada, miaka ishirini na sita sijawahi kumwona anacheka mpaka analala sakafuni. Alicheka mpaka nikaudhika. "Mimi?" anasema. "Nani anichukue mimi, na makasha?" Kisha hatukucheka tena, tukakaa pale mpaka chai ikaisha kwenye birika.

Kwa hiyo jua hili: alikuwa amekutii siku nyingi. Sisi wawili tulikuwa tunahangaika bure, wewe kwako, mimi kwangu. Ameandika karatasi yake mwenyewe, naitia humu. Amenikataza kuisoma, nimeisoma.

Setsu


(ndani ya bahasha ileile)

Mama Nezu,

Nilikudanganya tarehe 27 Oktoba. Yote uliyodhani nilifanya, nilifanya, na kwa mpangilio uleule. Nilipokaa nimeyapa makasha mgongo nikajaribu kujiambia kwamba chumba chetu kimekaa vibaya. Nikahamia chumba cha pili na waya zote. Mwimbaji akanifuata, yuko kulia kwangu tu.

Barua yako ya tarehe 2 Novemba ilifika tarehe tano, nikaitia mfukoni. Tarehe sita tulikuwa kwenye kona kabla ya daraja, kuna mvua nyembamba. Treni ya mizigo ilitokea kushoto kwangu. Aliyeisikia kwanza ni Kudo, ameinama, jembe mkononi, mtu ambaye si kazi yake kusikia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Masikio, vipi leo?" Nikageuka, nikaiona. Nikapuliza kipenga. Walitoka wote sita, na muda ulitosha, lakini ulikuwa wa kuhesabu mpaka kumi na tano tu. Sheria yetu ni dakika nzima.

Hakuna aliyenilaumu. Walidhani nina mawazo ya nyumbani. Kudo akanipa sigara. Hilo ndilo lililonimaliza, ile sigara. Jioni ileile nikaenda kwa Bwana Sasamori, nikaweka kipenga na bendera juu ya meza yake, pamoja na ukurasa wa kwanza wa barua yako, nikamwambia sistahili kuvishika. Aliniuliza tangu lini. Nikasema, sijui, labda tangu mwaka jana. Akavitia kipenga na bendera kwenye droo yake. Kisha akasema, "Umekuja mwenyewe, kwa miguu yako. Wengine tumewahi kuwajua siku ya mazishi." Akanipeleka stoo.

Sikukuandikia kwa aibu. Setsu sikumwambia kwa sababu ananisifia kwa watu. "Mume wangu anasikia treni kabla haijatoka stesheni." Amesema hivyo kwenye kila harusi.

Tarehe kumi na nne nakwenda hospitali kubwa ya mjini Akita. Kuna neno moja ambalo hatulitaji hapa nyumbani. Jirani yetu mmoja alikufa kwa uvimbe wa kichwa, na kwake kulianza na sikio.

Kuwabara Isao


Kanda, 7 Desemba 1981

Ndugu Kuwabara, na Mama Setsu ambaye najua ataisoma,

Jana nilifunga duka mapema, nikaenda kula tambi za moto peke yangu, bakuli mbili. Zilikuwa za watu sita na wewe.

Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Wateja wawili kabla yako walinirudishia spika nzima wakisema ni mbovu. Wa kwanza nilibishana naye, nikamshinda, akaacha kuniandikia. Wa pili alipogundulika kasoro ni ya sikio lake ndipo nilipoelewa, nikatafuta anwani ya yule wa kwanza, barua ikarudi. Ndiyo maana nilikuandikia kwa ukali ule. Haikuwa busara, ilikuwa hofu.

Lile neno msilitaje mpaka daktari alitaje. Mnijulishe siku hiyohiyo.

Mitsue


Yokote, 15 Desemba 1981

Dada Mitsue,

Si uvimbe.

Nimeanza na hilo usije ukatafuta kiti tena. Daktari ni kijana, mwembamba, anaongea taratibu. Anasema ndani kabisa ya sikio kuna kijifupa kidogo kuliko punje ya mchele. Kazi yake ni kutikisika tu, sauti ikija. Cha Isao kimeota ugumu pembeni, kimeshikamana, hakitikisiki. Nikamuuliza, "Kitamuua?" Akasema, "Mama, hakitamfanya kitu zaidi ya kumnyima kusikia." Nikamwomba arudie. Akarudia. Isao akasema, "Setsu, mimi ndiye mgonjwa wa sikio, wewe unarudiwa nini?"

Wanaweza kukitoa na kuweka kijiti chembamba mahali pake. Daktari amemweleza, na Isao akaanza kumuuliza unene wa kijiti, kinashikiliwaje, kinafungwa na nini. Kijana yule akafurahi, akachora. Wakachorana hapo robo saa, wagonjwa wanangoja nje. Tukiwa kwenye treni ya kurudi Isao akasema daktari yule angeweza kuunda kasha zuri sana.

Operesheni ni Februari. Nimenunua samaki mkubwa, tumekula wawili, na hatukumbakiza.

Setsu


Yokote, 24 Februari 1982

Dada Mitsue,

Theluji imefika chini ya dirisha. Operesheni ilikuwa tarehe tisa. Siku tatu za kwanza hakuweza kusimama, chumba kilimzunguka, akashika kitanda kama mtu aliye juu ya paa. Niliogopa. Muuguzi alisema ni kawaida, na ikawa kawaida kweli.

Jana wametoa pamba yote. Nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto, nimejisahau, nanung'unika kuhusu bei ya chungwa dukani pale hospitali. Akanigeukia taratibu.

"Setsu," akasema, "kumbe unanung'unika hivyo siku zote?"

"Hivyo vipi?"

"Kimoyomoyo lakini kwa sauti."

Nikamwambia, "Miaka miwili nimenung'unika bila kujibiwa, nilidhani umekuwa mwema." Mama wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakanywa na muuguzi.

Amepimwa. Hajafika sawasawa na lile la kulia, lakini daktari anasema amekaribia sana, na kwamba asibebe vitu vizito mpaka mwezi wa nne. Tumerudi nyumbani leo mchana. Kabla hajavua koti aliweka santuri. Mimi nilikaa naye, safari hii sikuosha vyombo. Alikaa muda, kisha akasema mwimbaji yuko katikati, hatua moja nyuma ya makasha, na kwamba kumbe ana mafua kidogo. Mimi mafua sikuyasikia.

Nimekutumia figili. Zilichelewa kuingia pipani mwaka huu kwa sababu unazozijua, lakini zimekolea. Kama meno saba hayaziwezi, zikate nyembamba.

Setsu


Kanda, 1 Machi 1982

Setsu, Isao,

Zinawezekana. Nakula polepole na jirani muuza redio, ambaye anaulizia tena.

Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa masikio yangu, kwa mara ya kwanza katika maisha. Nilikaa kwenye kile chumba kidogo cha vipimo kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Ni mazima kwa umri wangu, alisema daktari, na hilo "kwa umri wangu" nimelisamehe.

Mitsue


Yokote, 17 Aprili 1982

Mama Nezu,

Theluji imekwenda, mito imejaa, na genge letu lina kazi nyingi, maana baridi huinua mataruma kama hamira inavyoinua mkate. Nimerudi reli tangu Jumatatu.

Bwana Sasamori alinipeleka kupimwa na daktari wa kazini, nikapita. Kisha akaniita ofisini, akafungua droo, kipenga na bendera viko palepale nilipoviona mara ya mwisho. Akavisukuma mbele yangu. "Ni vyako ukivitaka," akasema.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo, Mama. Nilidhani nitavichukua kabla hajamaliza kusema. Badala yake nilimuuliza ni nani amesimama mahali pangu majira yote ya baridi. Akasema Kudo. Nikamuuliza, anafanyaje? Akasema, vizuri, ila analalamika miguu inaganda. Nikamwambia, basi mwache alalamike. Nipe jembe lake.

Setsu aliniuliza kama nimesikitika. Nilifikiri kabla ya kumjibu, kwa kuwa tumekubaliana kujibiana kweli. Nilimwambia kwamba kwa mwaka mzima kabla ya barua zako, kila asubuhi nilipofika kazini nilihesabu watu sita, na kila jioni nikawahesabu tena, na katikati sikupumua. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya hivyo. Nimelijua nilipoacha.

Jana tulikuwa karibu na daraja. Jua kali, kokoto zimelowa, mgongo wangu unalia kama wa mtu aliyekaa stoo miezi mitano. Vijana wananitania, wananiambia, "Masikio, leo tumia mikono." Kudo amesimama pembeni, kola imepanda, macho kwenye kona.

Kipenga kikalia. Nikatua jembe, nikatoka nje ya reli na wenzangu, tukasimama kwenye majani. Ilipita dakika nzima, labda na zaidi, kabla treni haijatokea. Ikapita, upepo wake ukatupiga usoni, tukarudi kazini.

Mimi treni hiyo sikuisikia, Mama Nezu. Sikuwa naisikiliza. Nilikuwa nawaza Setsu amenifungia nini cha mchana.

Kuwabara Isao